Mkono Niliyoinua Kanisani

Jumanne, 4 Machi

Fizio tena, mazoezi ya bega. Mkono inafika kwenye kifua, inakwama. Mama wa fizio anasukuma, mi nauma meno. Tangu ile gari inigonge kwenye parking ya Quakers Hill, huku ng'ambo, shati ni Mama ananivalisha. Kijana mzima. Aibu.

Fizio hajalipwa bado. Alisaini na avoka wangu, mwanasheria wa kesi ya ajali: kesi ikiisha, yeye anakata pesa yake kwanza, lopitali iliyonilaza inafuata, avoka, mimi mwisho. Sawa tu. Mi nataka bima ya ile gari ilipe operesheni ya bega. Nirudi kazini, kubeba maboksi.

Jumapili, 9 Machi

Pasta aliniita mbele. Mafuta kwenye kichwa, inashuka mpaka kwa macho. Mikono ya watu, jasho yao. Nywele ya mtu kwenye mdomo wangu. Pasta anasema inua mkono, umepona, inua. Kanisa yote inangoja. Mama analia. Mi hata shule niliogopa kujibu jina yangu. Nikainua. Kitu ikachanika ndani. Wao wakacheza. Mi nikaenda kutapika.

Shemeji Bahati, bwana ya dada yangu, alikuwa anachukua video.

Alhamisi, 20 Machi

Parramatta, kwa avoka. Yeye ni dada Mkenya, anaongea mbio. Bima imeona video kwa Facebook ya kanisa. Akaniwekea niione. Mi huyo, mkono juu kama refa.

"Ndugu yangu, ulipona lini na hukuniambia?"

"Sikupona."

"Na huyu ni nani sasa, pacha wako?"

Operesheni wamekataa. Wanasema niko mzima. Avoka anataka Pasta aandike barua, aeleze vile kwetu mtu akiitwa mbele anainua tu, hata anaumia.

Jumamosi, 22 Machi

Tumeenda kwa Pasta, mi na Mama. Alikuwa anakula kuku.

"Unataka niandike Mungu ameshindwa?" Akalamba kidole. Halafu akauliza fungu la kumi ya pesa ya kesi itatoka mbele ya fizio ao nyuma yake.

Ile mafuta kwa midomo yake. Nilipenda huyu mtu. Na mi najichukia pia, nikasema asante Pasta. Asante ya nini.

Jumanne, 25 Machi

Fizio amesimamisha mazoezi. Anaona kesi itaanguka, nani atamlipa. Alisema sorry akiangalia kompyuta. Bega yangu kwake ilikuwa duka.

Avoka amepiga simu. Basi Mama aende kwake Parramatta, aseme yeye nani ananivalisha kila siku. Mama amekataa. Ile video ametuma kwa jamaa yote huko nyumbani Uvira, wale walifunga na kuomba juu yangu.

"Sasa niwaambie nini? Kama nilidanganya?"

Chakula anaweka kwa meza, anaenda chumbani.

Jumapili, 30 Machi

Asubuhi Mama alikuja kunivalisha shati ya kanisa. Ile nyeupe.

"Inua kidogo."

Haikupanda. Akashika kiwiko, akajaribu mwenyewe, polepole. Nikalia. Sikutaka, ilitoka tu.

Akaacha. Shati ikabaki nusu, mkono moja ndani, moja nje. Shemeji amekuja kutupeleka kanisa, anapiga honi huko chini. Akapiga tena. Halafu gari ikaondoka.

Mama amefungua kitambaa cha kichwa, amekaa kwa kitanda yangu. Akauliza kesho treni ya Parramatta inapita saa ngapi.