Maganda ya Puta

Nchelenge, 8 Juni 1998

Baba mupenzi,

Jambo sana. Mugongo unaendeleaje? Mimi ni muzima, homa iliisha.

Kazi imekwisha, Baba. Usikie kwangu kabla ya batu ba samaki wanaovuka ziwa kukuambia. Unajua Docteur, ule muzungu anayechimba maganda ya konokono kule Puta, ya zamani sana, yamekuwa mawe. Miezi mine niliyaosha na brosi. Alhamisi alisema niandike kwenye mufuko: makubwa ni bazazi, madogo ni batoto, aina moja. Nikakataa. Madogo yana mizunguko mitano sawa na makubwa, na mudomo wao ni munene, umepinduka inje. Ganda la mutoto wa kweli lina mizunguko mitatu, mudomo mwembamba kama karatasi. Yale madogo yamekomaa. Ni aina ingine.

Akasema, "Kazi yako ni kuosha."

Nikamujibu, "Niliosha, njo maana niliona."

Akanifukuza mbele ya bote.

Mutoto wako,
Arlène

Kilwa, Congo, 15 Juni 1998

Arlène, mama yangu,

Tuko bazima, mugongo unauma asubuhi tu. Mama yako anakusalimia.

Ni maganda tu! Miaka makumi mbili ku bureau, chef akisema nyeupe ni nyeusi, niliandika nyeusi. Njo hivyo nyinyi batoto mulisoma. Rudi kwa Docteur, omba pardon. Kule wewe ni mugeni. Nani atakutetea?

Baba yako,
Kabamba

Nchelenge, 22 Juni 1998

Baba,

Nakusalimia kwa heshima yote, na Mama pia.

Sitaomba pardon. Nikiandika uongo, haya macho yatanisaidia nini? Nilirudi Puta na Bwembya, aliyekuwa anachimba kwa Docteur. Mwenye shamba aliruhusu, tukachimba mbali na shimo la Docteur. Nimechora maganda makumi mine na moja, nimetuma michoro ku musée ya vitu vya zamani, Lusaka. Hata ukikasirika, nimekwisha kutuma.

Mutoto wako,
Arlène

Nchelenge, 19 Novemba 1998

Baba, Mama,

Muko bazima? Tangu vita ianze mwezi wa munane niliandika barua tatu, zote zilikosa mashua. Hii anaileta Mama Colette, muuza chumvi.

Musée ilimutuma Madame Luse, mutaalamu wao wa maganda. Aliangalia maganda na lupu, kioo cha kukuza, muda murefu, Docteur amesimama pale.

Akaniuliza, "Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Madame. Niliosha tu."

Akamugeukia: "Docteur, haya yamekomaa. Aina ni mbili."

Docteur akaniambia nirudi kuosha. Nikasema, "Nitarudi kuyapanga, na jina langu liwe kwenye karatasi." Akaingia ku motokari, akaenda. Kazi sina, nakausha samaki na Bwembya. Lakini Madame aliandika kwenye kisanduku cha maganda, mbele ya macho yangu: Yalitambuliwa na Arlène Kabamba.

Arlène wenu

Kilwa, 6 Desemba 1998

Mama yangu Arlène,

Tuko bazima, tumushukuru Mungu. Barua nilimusomea mama yako mara mbili.

Nilikuambia uombe pardon. Nilikuwa naogopa, nikadhani uoga ni akili.

Juzi batu ba bunduki walikuja kuchukua mashua yetu. Walileta karatasi, inasema tumeitoa kwa kupenda. "Weka saini, muzee." Mama yako alinishika mukono. Nikasema hapana.

Walisukuma mashua, wakaenda nayo. Saini hawana.

Baba yako,
Kabamba