Amri Ambayo Haikuhifadhiwa

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo, anakusalimu. Anadhani niko likizo. Sijamwambia kwamba nimesimamishwa kazi.

Siku ile katika chumba cha seva niliiandikia swichi mpya ya mtandao amri zote, nawe ukizisoma kwa sauti kama ilivyo desturi yetu. Nilipotaka kuzihifadhi ukanizuia: "Ngoja, msomi. Kuhifadhi ni kazi ya mkubwa." Nikakuachia kiti. Umeme ulipokatika na kurudi, swichi ikawaka ikiwa tupu, kwani amri hazikuwa zimehifadhiwa, na ofisi zote zikakosa mtandao. Mbele ya mkuu wa ofisi ukasema, "Kijana alisahau, tumsamehe."

Kusahau kwako ningekusamehe. Kuniombea msamaha kwa kosa lako ndiko kulikoniuma. Mimi ninayebishana na kila mtu nilikubali kusimamishwa, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenifundisha kazi.

Hata hivyo, seva ya kumbukumbu, ile inayorekodi kila anayeingia kwenye swichi na anachoandika, imeandika kila kitu: nilitoka saa nne na dakika kumi, ukaingia wewe kwa jina lako, ukatoka bila kuandika amri hata moja, hata ile ya kuhifadhi. Nakala nimeiambatisha. Kesho asubuhi nitampelekea mkuu. Nimeona ni adabu uisome wewe kwanza.

Ni mimi,
mpwa wako.