Treni ya Betri ya Nyakitonto

Nyakitonto, Kasulu
Oktoba 2013

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hapo Tabora goti limepata nafuu, na mama naye mzima. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na sina mwingine wa kumweleza.

Ile treni ya watoto niliyokuandikia imetembea. Ulinicheka uliposikia nataka kuiendesha kwa starta ya gari bovu, na kweli mwanzoni magurudumu yalizunguka tu palepale juu ya reli. Nikafuata neno lako: nikazitoa betri mbili kwenye behewa, nikazipakia juu ya magurudumu ya injini. Uzito ukakandamiza, ikavuta. Watoto wa huku hawajawahi kuona treni, Baba. Siku ya mahafali ya darasa la saba foleni yao ilizunguka uwanja mzima wa shule.

Betri moja ilikuwa ya shule. Ya pili niliiazima kwa Mama Sabina, jirani yangu mjane, anayechaji simu za kitongoji kizima kwa sola yake. Nilipomwomba alipiga makofi polepole, kama Waha wanavyosalimia, akaniambia niichukue. Miaka miwili nimekaa hapa na bado sikuwa nimejifunza kwamba mgeni akiomba kwa mdomo wake hanyimwi. Ningemtuma mtu amuulize kwa niaba yangu, angepata pa kukatalia.

Saa nane mchana treni ilianza kuchoka. Nilijua, Baba. Nimelelewa na dereva wa treni, injini ikielemewa naisikia. Lakini foleni ilikuwa bado ndefu, akina mama wananipigia vigelegele, nikavimba kichwa. Nikaendelea mpaka ikasimama yenyewe. Jioni betri ya Mama Sabina ilikuwa imetuna ubavuni, na tangu hapo haishiki chaji. Fundi wa Kasulu mjini aliitazama akatikisa kichwa tu. Nimeagiza nyingine, ila mvua zimeharibu barabara na gari halijafika.

Bila betri hiyo ya kuzichaji, simu za kitongoji zikazima moja moja, na yake pia. Sabina, binti yake aliyeolewa Kibondo, akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Wakwe walipiga siku mbili bila kumpata mama yake. Habari zikaletwa na mwendesha bodaboda, na mama alipofika Kibondo kichanga kilikuwa kimeshazikwa.

Amerudi jana. Nilikwenda kumpa pole na kuomba radhi, nikaishia kumpa pole tu. Alinipa kigoda, akaniletea maharage, kisha akaniuliza, "Mwalimu, watoto walifurahi?"

Nilimjibu kwamba walifurahi.

"Basi ni vizuri," akasema, akaendelea kupukuchua mahindi.

Afadhali angenitukana. Sijui nifanye nini, Baba. Reli siwezi kuzing'oa, watoto wanashinda juu yake. Kuziacha nako siwezi, maana anapita hapo kila asubuhi akienda kuchota maji.

Nisalimie mama, shangazi Mwajuma, na mjomba wetu fundi cherehani. Dada Rehema najua siku zake za kujifungua zimekaribia. Mwambie mama asimwache peke yake, hata kwa nusu siku.

Ni mimi mwanao,
Juma