Klachi na Mguu wa Kushoto

Ijumaa, 1 Machi

Wifi ameanguka tena mtihani wa udereva. Mara ya pili! Mlimani pale pale, karibu na tangi la maji. Injini inanguruma, gari linajikokota. Mtahini kaandika "hana udhibiti", akashuka zake bila hata kuaga.

Kabakiza nafasi moja, Alhamisi. Akianguka, ni kusubiri miezi mitatu, na kliniki haitamsubiri. Wamemwahidi kazi ya kuendesha gari la chanjo, leseni iwe mkononi kabla ya tarehe kumi.

Nimechoka. Miaka kumi na tisa nafundisha udereva, nimefundisha hadi watu wasiojua kulia na kushoto, leo nishindwe na dada wa mume wangu? Nimemwambia hana huruma na klachi. Kanijibu kwamba pedali inashuka yenyewe kabla hajaigusa. Yenyewe! Nikamwambia basi atafute mganga, si mwalimu. Mume wangu kajifanya anasoma gazeti. La juzi.

Jumatatu, 4 Machi

Leo gari limenigeuka mimi mwenyewe. Kwenye tambarare, pole pole, halina neno. Nikataka kulipita lori, nikakanyaga mafuta mpaka chini — mshale wa injini ukaruka juu, wa spidi haukusogea. Lori likaniacha. Dereva wake akanipungia mkono, mshenzi yule. Na harufu — kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi.

Nikaenda kwa Spana, fundi wetu. Nikamwambia gari halina nguvu. Kosa! Fundi ukimwambia halina nguvu, anavamia injini. Kabadilisha plagi, kasafisha filta, siku nzima imeishia hapo. Jioni gari ni lile lile. Nguvu zipo, hazifiki kwenye magurudumu — ndivyo nilivyopaswa kusema. Na mimi ndiye ninayewakaripia wanafunzi: usiniambie gari ni baya, niambie linafanya nini!

Nimempigia tena. Kasema hiyo basi ni klachi inateleza, na keshokutwa atakuja kupanda nasi aone inavyoendeshwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimemfokea wifi mbele ya wanafunzi wenzake. Kwamba kaniunguzia klachi. Alifunga mlango taratibu, akaenda kwao kwa miguu.

Mume wangu hanisemeshi. Vizuri. Nami simsemeshi.

Jumatano, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wifi usukanini. Mimi kwenye kiti changu cha mwalimu, chenye pedali zangu mbili, breki na klachi. Spana nyuma. Barabara hakuiangalia hata kidogo. Aliinama katikati ya viti kama aliyedondosha sarafu. Tuliporudi gereji, akangoja wifi aende kununua maji. Ndipo akaniuliza, kwa adabu mno, mguu wa kushoto wa mwalimu huwa unafanya nini pale.

Unafanya nini! Umelala juu ya klachi. Na pedali yangu imeungwa na ya mwanafunzi — yangu ikishuka upana wa kidole, na yake inashuka. Yenyewe.

Spana kanieleza kama anayemfundisha mtoto. Pleti, ile sahani ya klachi inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, imebanwa na chuma chenye springi. Uzito wa mguu unailegeza kidogo tu, basi inasuguana mchana kutwa na kulika. Ukienda pole pole, kubana kulikobaki kunatosha. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, injini inazunguka na pleti inabaki nyuma. Ni kufungua kifuniko cha chupa kwa mkono wenye mafuta: taratibu kinafunguka, ukilazimisha mkono unateleza.

Na darasani kwangu, ukutani, kwa mwandiko wangu mwenyewe: KLACHI SI KITI CHA MGUU. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Pleti mpya inafika Jumamosi. Gari la chuo ni hili moja. Spana karekebisha waya wa klachi, kaichomoa pedali yangu, kasema mlima utapandika kwa gia ya kwanza na mafuta kidogo kidogo, bila papara. Wifi akarudi na maji. Chupa tatu. Moja yangu. Hapo ndipo pa kukiri kosa langu. Nikasema asante.

Nimewaza tangu alasiri. Wanafunzi wengine nawalazia mguu. Wifi namkandamizia. Sikuwahi kumwamini hata hatua moja ya barabara, huo ndio ukweli, na naona aibu kuuandika.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekaa kwenye jiwe chini ya mlima, daftari gotini.

Nimemwambia. Getini, kabla mtahini hajafika. Klachi niliiunguza mimi, si wewe, ni mguu wangu, nisamehe. Maneno yalitoka yakikanyagana. Akauliza, kwa hiyo pedali ilikuwa inashuka? Nikasema ilikuwa inashuka. Nikaanza kumkumbusha — gia ya kwanza, mafuta kidogo, hata mtahini akikuharakisha usi—

"Wifi. Leo nyamaza."

Akachukua funguo mkononi mwangu.

Sasa wako katikati ya mlima. Mtahini kamsimamisha karibu na tangi, pale pale. Taa za breki zinawaka. Nasikia injini inapanda — si juu sana, wifi, si juu sana — taa zimezima. Gari halijasogea. Halirudi nyuma pia, klachi imelishika.

Mguu wangu wa kushoto umechimba shimo kwenye changarawe. Nimeuondoa. Umerudi.