Gobori Lililoshonwa Blanketini

Kocholia,
Jumapili.

Kwa kaka yangu Willis,

Pokea salamu za sisi sote hapa nyumbani. Natumaini wewe, wifi Vivianne na watoto mko salama huko Mundika. Sisi ni wazima, ila mvua imezidi na mtama umelala chini. Mama anakusalimu, goti lake bado linamsumbua.

Tangu tumzike baba wiki tatu zilizopita nimetaka kukuandikia. Simu sikuitaka, maana wewe ukianza kuongea, mimi huishia kukubali tu.

Unakumbuka Pasaka, ulipomleta rafiki yako Quinton, yule mnunuzi wa vitu vya kale? Baba alifurahi kupata mgeni wa kumuuliza habari za gobori la babu. Alilifumua mwenyewe blanketi ambamo hushonewa, jambo ambalo ukoo wetu hulifanya tu siku ya kumkalisha mrithi kwenye kiti cha baba yake. Quinton alituonyesha tai aliyechorwa kwenye chuma, akasema lilikuwa la jeshi la Amerika, na kwamba vita vya huko vilipoisha, magobori kama hayo yaliuzwa rahisi kwa walowezi waliokwenda magharibi, wakayakata mitutu na kuwindia bata na paa. Baba alicheka, akasema basi gobori limetembea kumshinda yeye, ambaye mwisho wake ni Tororo. Wewe ukajitolea kulishona tena, nami nikakutania kwamba sijawahi kukuona na sindano.

Siku ya mazishi ulilibeba mbele ya jeneza, wewe kifungua mimba. Ulilia hadi wazee wakakushika. Kisha ukanikabidhi mbele ya watu wote, ukasema Amoit atalitunza hadi Agosti, tutakapoondoa matanga na kukukalisha wewe. Nilipokea kwa mikono miwili.

Sasa nikwambie, kaka. Wiki moja kabla ya kufa, baba aliomba gobori lake liwekwe kando yake kitandani. Alilipapasa juu ya blanketi, akafika penye mtambo wa kufyatulia, akarudi, akafika tena. Akaniambia nifumue kidogo. Ndani mlikuwa na bomba la maji na kipande cha mbao. Halafu akaniomba nishone, nisimwambie mtu, kwa sababu wewe ni mtoto wake wa kwanza na alitaka utangulie mbele ya jeneza lake ukiwa na heshima yako. Siku hiyo hakula tena.

Hilo la baba labda ningelimeza. Lakini kunikabidhi bomba mbele ya ukoo, ili Agosti mwizi niwe mimi, hilo limeniumiza kuliko msiba wenyewe. Hakuna mtu niliyemwamini kama wewe.

Nilimwahidi baba kunyamaza, na nitanyamaza. Kama Quinton hajavuka mpaka na gobori lenyewe, bado una muda wa kulirudisha. Kama amevuka, siku hiyo ya Agosti nitakuwekea blanketi mapajani jinsi ulivyonipa, wazee wakiwa wameketi, ufumue kwa mikono yako. Mkasi nitauleta mimi.

Wasalimie wifi na watoto. Mama anasema usisahau dawa ya goti.

Ni mimi dada yako,
Amoit