Kigingi cha Mwaka wa Maji

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na natumai wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi mzima, isipokuwa goti hili linaloanza kuuma mawingu yakiwa bado mbali.

Ziwa limekauka. Umekaa mjini miaka mingi, labda umesahau lilivyo: chumvi nyeupe mpaka macho yanauma, na watu wanakatiza na mikokoteni kana kwamba hapajawahi kuwa na maji. Mvua ikinyesha milimani, makorongo yote humwaga humu, na bonde halina pa kutokea, basi maji hukaa mpaka jua liyanywe. Mwaka huu yanaishia katikati, mwaka mwingine yanapanda hadi mashambani. Ndiyo maana marehemu baba alipigilia vile vigingi viwili, kila kimoja pale maji yalipoishia mwaka mmoja wetu alipozaliwa.

Changu kiko kule chini kabisa, maana mwaka niliozaliwa maji yalikuwa ya kunawia tu. Chako alikiweka juu, ambako maji hayajafika tena. Kila mgeni alipelekwa kukiona. Baba alisema huyu mtoto alikuja na maji, kisha ananinyooshea kidole, na yule ni Kiangazi. Watu wanacheka. Nami nilicheka, huku roho inaniuma.

Wiki iliyopita fundi wako alifika na ramani ya nyumba. Vyumba vinne, na baraza inatazama ziwa. Sikufichi, niliona wivu. Mimi niliyemuuguza baba nina vyumba viwili na bati linalovuja. Fundi akaniambia umemwagiza ajenge hatua kumi juu ya kigingi chako, kama baba alivyousia, na ameshaanza msingi.

Mdogo wangu, kigingi hicho hakipo alipokiweka baba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa ametoka kukusifu, nikangoja wageni waingie ndani, nikaking'oa na kukipigilia hatua mia mbili chini. Mng'ao wa chumvi ulishamharibu baba macho, hakugundua. Tangu hapo mimi ndiye niliyemshika mkono kumpeleka.

Kule juu alikokiweka baba ardhi ni ngumu, huku chini anakojenga fundi maji yakipanda ni tope tupu. Wiki nzima nimewapelekea mafundi chai na kunyamaza. Nilisema mwache, si ndiye aliyekuja na maji, yamfuate. Mpaka jana fundi aliponionyesha chumba cha watoto, nacho ndicho cha mbele kabisa, upande wa ziwa. Nikamwambia asimame. Akasema anakusikiliza wewe tu. Mtumie neno leo hii.

Kigingi nimekirudisha. Mahali pake sijawahi kupasahau hata siku moja. Ardhi yetu iliyo juu yake ni ua wangu tu, hakuna nyingine, nao nilitaka uwe wangu mpaka nife. Jenga humo. Ila baraza yako itazame upande mwingine, nisiione kila nikifungua mlango.

Wabusu watoto, na wifi mwambie namsalimu.

Ni mimi dada yako,
Kiangazi