Jicho la Ukuta wa Ilomba

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimepata kibarua hapa Ilomba. Gesti ya ghorofa tatu, ubavu wake unatazama barabara kuu ya Mbeya. Nimefunga mirunda ya kupandia kutoka chini mpaka juu, nimepaka ukuta wote rangi nyeupe kwa rola. Mabega yanauma. Fundi mchoraji ni binti wa Tukuyu, Joyness, hajafika hata miaka thelathini. Nikamuuliza anachora nini. Mtu. Mtu gani? Bado hajui. Ukuta wote huu, na hajui.

Jumanne, 3 Juni
Nimeharibu kazi. Nimefika asubuhi, nikakuta ukuta wangu umechafuliwa wote — mikwaruzo, herufi, duara, mikia ya panya. Nikasema ni walevi. Nikachukua rola, nikafuta kila kitu kabla fundi hajaja, nimfurahishe. Saa nne amekuja. Akakaa kwenye ndoo. Kumbe ni yeye aliyechafua jana jioni baada ya mimi kuondoka.

Ndiyo njia yao. Ukiwa juu, ukuta uko puani, huoni unachora nini. Kwa hiyo wanauchafua kwanza, wanaupiga picha, halafu kwenye simu wanalaza mchoro juu ya ule uchafu. Hapo unajua: pua inaanzia kwenye mkia wa panya, sikio linakata duara. Nimeelewa nusu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Amenipa brashi: "Haya baba, sasa chafua wewe. Chora lolote, ila lisifanane na jingine."

Lolote ni nini? Mimi niliishia darasa la tano. Nimechora jembe, kuku, msalaba. Picha ziliponiishia nikaandika majina ya watu wa nyumbani Nyololo. Bertha, mke wangu. Frida, binti yetu. Yohane, kaka yangu. Huyo wa mwisho sijui kwa nini. Mkono tu.

Jumatano, 4 Juni
Joyness amenipiga picha nikila ugali. Anasema mtu wa ukutani ni mimi. Sura hii? "Sura hiyo imefanya kazi, baba." Mwenye gesti, mzee Vitus, akasema wageni wataikimbia, watadhani mimi ndiye mhudumu. Tumecheka. Nimekubali.

Ijumaa, 6 Juni
Tundu la pua ni kubwa kama beseni. Ananionyesha kwenye simu, anachora mpaka, mimi najaza. Leo amenipa kijani nipake shavuni. Nani ana shavu la kijani? Akasema nishuke, nikasimame ng'ambo ya barabara, nitaelewa. Sikwenda, magoti yamechoka. Nimepaka tu.

Kipandio cha tatu cha ngazi kimelegea kamba. Nitakifunga kesho.

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste. Nikitoka kanisani nimepita ng'ambo ya barabara, nikainua macho.

Siyo mimi. Ni Yohane.

Kile kijani kimegeuka kivuli cha shavu, shavu lake, na lile paji lenye mikunjo. Nimesimama mpaka mama muuza ndizi akaniuliza, baba unaumwa? Nimekwenda kujitazama kwenye kioo cha kinyozi. Na huko alikuwemo.

Niandike tu, hakuna anayesoma. Miaka mitatu iliyopita tuligombania mpaka wa shamba la viazi la marehemu baba. Nilikuwa na mpini wa jembe. Sikulenga jicho. Lakini jicho la kushoto la kaka lilikufa. Wazee wakanipangia siku: nije na pombe ya ulanzi, nikae chini, nimshike miguu, tunywe kikombe kimoja yaishe. Siku hiyo asubuhi nilidandia lori la mbao. Vibarua vya mpunga Rujewa, kisha Mbeya. Bertha alisema kama siwezi kumtazama kaka yangu, nisije kumtazama yeye.

Jumatatu, 9 Juni
Limebaki jicho la kushoto. Joyness akasema, "Hili jaza wewe. Anzia pale ulipoandika Yohane. Ni nani huyo?" Kaka yangu. "Yuko wapi?" Nyololo. Akanipa brashi.

Nimekaa mbele ya lile jina mpaka rangi ikaanza kuganda. Nikijaza, namrudishia kwa rangi jicho nililomtoa, kama mchezo. Nisipojaza, namtoboa mara ya pili. Lakini yule ni mimi. Mimi nina macho mawili. Sasa kwa nini mkono haupandi?

Nimedanganya kwamba bega linauma. Kipandio nacho sikukifunga.

Jumatano, 11 Juni
Bertha amepiga simu. Sauti yake, baada ya miezi saba.

"Anord, umekosa kazi ya kufanya?"

Timotheo, jirani yetu dereva wa lori, kapita Ilomba. Kijijini wanasema nimemchora kaka mkubwa kama kanisa, nikamwachia jicho moja, ili kila anayepita barabarani amcheke. Nikasema yule ni mimi, Mama Frida, nimepigwa picha.

"Yohane tunamjua. Wewe ndiye hatukujui tena."

Na kaka anasemaje?

"Amepiga viatu rangi. Kesho anapanda basi."

Alhamisi, 12 Juni
Naandikia huku juu, ubao wa mwisho. Joyness anasema jicho lazima leo, kesho mirunda inashushwa. Nilimweleza yote. Akatazama ukuta, akasema, "Mimi nilichora kwa picha yako, baba. Hapo palipobaki siwezi kukushikia mkono."

Saa saba. Basi la Iringa limesimama. Ameshuka mtu mwenye kofia na viatu vinavyong'aa. Hakuuliza njia. Amesimama ng'ambo, pale niliposimama mimi Jumapili. Hajitingishi.

Brashi imejaa rangi, inanidondokea gotini.

Amevuka. Anageuza kichwa chote ili aone magari ya upande wa kushoto. Hilo sikulijua. Miaka mitatu, sikuwahi kufikiria anavukaje barabara.

Anaongea na Joyness. Joyness ameonyesha juu kwa kidole. Kaka amevua kofia. Sasa anavua viatu, anavipanga vizuri pembeni ya ndoo.

Ameshika ngazi. Anapapasa kwanza, ndipo anakanyaga. Hajaniita, nami sijamwita. Kipandio cha kwanza.

Cha tatu sikukifunga —